Idadi isiyo ya kawaida, au kromosomu zisizo za kawaida?

Swali: Ninaandika makala ya biolojia kuhusu seli ambazo kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba jeni, zimezidi au zimepungua. Sentensi yangu ya kwanza inasema: "Idadi ya kromosomu zisizo za kawaida huadhiri umeng'enyaji wa mafuta ndani ya seli." Mhariri ameipigia mstari na kuirudisha bila maelezo. Kosa liko wapi?

Jibu: Kosa zito liko kwenye "zisizo za". Kiambishi zi- kinarejelea kromosomu, si idadi. Kwa hiyo sentensi yako inasema kwamba kromosomu zenyewe zina hitilafu, na kwamba tunazihesabu hizo zenye hitilafu. Hilo ni jambo jingine kabisa katika biolojia. Katika aina moja ya saratani ya damu, kwa mfano, kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, ikapatikana ile iitwayo kromosomu ya Philadelphia, ilhali seli inaweza kubaki na kromosomu 46 kama kawaida. Hapo kromosomu si za kawaida, lakini idadi haina neno. Wewe unakusudia kinyume chake: kromosomu nzima, zisizo na kasoro, ila zimezidi au zimepungua.

Ungeweza kuandika "idadi ya kromosomu isiyo ya kawaida", na sarufi isingekulaumu. Hata hivyo, kwa kuwa umbo la neno kromosomu halibadiliki katika umoja na wingi, msomaji anaweza kudhani kwamba "isiyo" ni ya kromosomu moja. Kisogeze kivumishi karibu na nomino yake: "idadi isiyo ya kawaida ya kromosomu".

Kuhusu "huadhiri", kuadhiri ni kuaibisha mtu mbele za watu, na sidhani kama kromosomu zina nia hiyo. Andika "huathiri".

"Umeng'enyaji" unahitaji maelezo zaidi. Neno hili wasomaji wamelizoea katika habari za chakula tumboni, na maana yake ni kuvunjavunja tu. Neno unalolihitaji ni umetaboli, yaani shughuli zote za kikemikali ndani ya seli. Umetaboli una pande mbili, kujenga na kuvunja, na katika mada yako upande wa kujenga ndio wenye habari kubwa. Seli inapopata kromosomu ya ziada, jeni zilizomo humo huwa na nakala tatu badala ya mbili, protini zake nyingi huzalishwa kupita kiasi, na uwiano wa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha shughuli hizo za kikemikali, huvurugika. Katika seli za hamira na za binadamu zenye hali hiyo, watafiti wameona sfingolipidi, hasa aina iitwayo seramidi, zikiongezeka; hizi ni kundi mojawapo la lipidi, yaani mafuta na vitu vya jamii yake. Lipidi hizi hujengwa kwa kuunganisha asidi amino iitwayo serini na asidi ya mafuta, na ni sehemu ya utando wa seli. Seramidi ikizidi sana huweza kuisukuma seli kufa. Ukiyaita hayo yote umeng'enyaji, umemwambia msomaji kwamba lipidi zinavunjwa, ilhali zinarundikana. Vilevile, "lipidi" ni bora kuliko "mafuta" hapa, kwa sababu utando wa seli haujengwi kwa mafuta ya akiba, na msomaji akisikia mafuta huwaza akiba hiyo kwanza.

Sentensi yako basi isomeke: "Idadi isiyo ya kawaida ya kromosomu huathiri umetaboli wa lipidi ndani ya seli."

Naongeza jambo ambalo hukuuliza, maana makala yako bila shaka itaufikia ugonjwa wa Down. Kiunganifu "ya" kabla ya tarakimu usikiache. "Kromosomu ya 21" ni ile yenye namba hiyo; "kromosomu 21" ni idadi. Wengi wa wenye hali hiyo wana nakala tatu za kromosomu ya 21, na jumla ya kromosomu zao katika kila seli ni 47. Ukiandika kwamba wana "kromosomu 21 za ziada", hesabu yako itafika 67.