Ukiwa Ugenini, Jirani Ajue Umekwama

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Naishi Mtwara mjini na kazi yangu ni ushonaji. Wenzangu wanaotaka kuhamia huku huniuliza habari za vibali, kodi ya nyumba na bei ya samaki. Ni wachache wanaouliza wataishije siku mambo yatakapoharibika, na kwangu mimi siku hizo ndizo zilizonifanya nipapende hapa kuliko hata bahari ya Shangani.

Mei 2024 ulikuwa mwezi mgumu. Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini, mvua iliikata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi na malori yakasimama. Mwenye haraka ilibidi azunguke Iringa, Songea, Tunduru na Masasi ndipo aingie Mtwara. Mzigo wangu wa uzi na zipu kutoka Kariakoo ukalala njiani. Wiki iliyofuata nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zikakatika, nikashindwa hata kumwona mama kwenye simu. Umeme nao ukawa wa kuja na kuondoka, na cherehani yangu ni ya umeme. Wateja walikuwa wameshatoa kianzio cha sare za ngoma ya unyago, na tarehe ya ngoma haisogezwi kwa sababu fundi amekosa zipu.

Jirani yangu, mama wa Kimakonde, alipita akanikuta nimekaa mlangoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona leo cherehani iko kimya?”

Nikamweleza yote. Akaitikia tu “haya,” akaenda zake. Jua halijawa kali nikaitwa barazani kwake. Wajukuu wake walikuwa wametoa cherehani ya miguu, ile nyeusi ya chuma, mkanda wake wa ngozi umeungwa kwa uzi wa kushonea nyavu. Ilichelewa kushika, lakini ikishashika inakwenda vizuri sana. Mama mmoja akaleta magauni yake ya zamani, wakakaa mkekani na wembe wakifumua zipu moja moja, wakizipanga kwa rangi. Ming'oko ya kuchemsha, viazi pori vya huku, ikaja kwenye sinia. Tulishona hivyo mpaka sare zikatimia, na kabla barabara haijatulia nilikuwa nimeshajua nani ni shemeji wa nani, nani ana mtoto Newala, na kwa nini wifi wawili wa nyumba ya kona hawasemezani. Nililala usiku nimechoka na moyo mweupe. Sikuwa nimewahi kulala hivyo tangu nivuke mpaka wa Horohoro kuingia Tanzania.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: mambo yakiharibika, usijifungie ndani na simu ukitafuta suluhisho la kununua. Toka, kaa mlangoni, mwambie mtu. Ila salimia kwanza, usalimie mpaka mwisho, uulize na wa nyumbani. Sisi wa Kenya huwa tunaanza na haja yetu moja kwa moja, na kwa watu wa kusini hilo linasikika kama amri hata kama hukukusudia.

La pili, “kwetu hakuko hivi” ibaki moyoni. Watu wa Mtwara wanajua umeme ukikatika unaumiza, tena wao gesi inatoka Mnazi Bay, kwenye ardhi yao. Hawahitaji mgeni awakumbushe. Mgeni akikaa nao gizani akacheka nao, wanamfungulia.

Lakini nisikudanganye, si kila tatizo lina utamu. Kibali cha ukaazi kikiisha muda hakuna baraza litakalokusaidia, kwa hiyo anza kukihuisha mapema. Homa ni hivyo hivyo: Mtwara ina malaria, nenda ukapime siku hiyo hiyo. Na pesa ya nauli ya kurudi kwenu iweke pembeni, usiiguse hata msimu wa korosho ukichelewa na wateja wote wanakukopa. Ukishalinda hayo matatu, mengine yote yaache yakupate.

Jambo la mwisho ni kulipa, na simaanishi fedha. Mama yule nilijaribu kumpa pesa ya cherehani akanirudishia, akaniuliza kama nataka kumfukuza ujirani. Nikaanza kufanya kama wanavyofanya wao: msibani nakwenda hata kama marehemu sikumjua, mchango wa ngoma natoa kwa wakati, na Januari shule zinapofunguliwa sare za wajukuu wake nazipunguza na kuziongeza mimi. Mkanda wa cherehani yake nimembadilishia. Ule wa zamani amekataa kuutupa, anasema mpya unaweza kukatika na duka likawa limefungwa.