Gwiji wa fizikia anajua cha kutupa: jibu la mpwa wa mvuvi wa Mikindani

Mleta uzi umeuliza: waliosoma fizikia duniani ni maelfu kwa maelfu, mbona tunaowaita magwiji hawajazi hata basi moja? Wachangiaji wa mwanzo wamejibu akili za kuzaliwa, hesabu, na bahati ya kuzaliwa Ulaya. Mimi nafundisha fizikia sekondari hapa Mtwara, mwaka wa kumi na tisa sasa, na sijatoa gwiji hata mmoja, kwa hiyo yapokeeni maneno yangu kwa kiasi. Ila jibu ninalo, na sikulipata darasani. Nililipata kwa mjomba wangu, mvuvi wa Mikindani, bila mwenyewe kujua kwamba ananipa.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza chuo, nimerudi likizo kichwa kimejaa. Jioni moja tuko pwani wanashona nyavu, mjomba akaniuliza, "Hivi nyie mnaosoma mnasema mwezi ndio unaovuta maji?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mwezi uko upande mmoja wa dunia au pande zote mbili?"

"Mmoja."

"Sasa mbona maji yanajaa mara mbili kwa siku?"

Nilikuwa na A ya fizikia kidato cha sita. Kanuni ya uvutano ningeweza kuiandika usingizini. Nikaanza kubwabwaja habari za dunia kujizungusha, mjomba akanitazama kama anavyomtazama mtu anayedai anajua kuogelea na maji yako magotini. "Haya, kasome," akasema.

Baadaye ndipo nikagundua kuwa swali hilo lilimwangusha hata Galileo.

Galileo kwangu ndiye gwiji wa kwanza wa fizikia, na sababu yenyewe ni hii. Kabla yake watu waliona mkokoteni ukiacha kusukumwa unasimama, wakasema basi mwendo lazima usukumwe. Yeye akasema kule kusimama ni kazi ya msuguano. Utoe msuguano kichwani mwako, kitu kitakwenda bila kusimama. Hakuwahi kuona kitu kisicho na msuguano hata siku moja! Aliviringisha gololi ya shaba nyeusi kwenye mfereji wa ubao ulioinama, akaulainisha kwa ngozi, akapima muda kwa maji yanayochuruzika kwenye chombo. Katika fujo yote ya dunia alijua kipi ni kiini na kipi ni takataka za njiani. Huo ndio ugwiji ninaousema: kujua nini kitupwe.

Lakini Galileo huyo huyo, kwenye kitabu chake cha mwaka 1632, aliutupa mwezi. Akasema maji hupwa na kujaa kwa sababu ya mwendo wa dunia wenyewe, kama maji yanavyocheza ndani ya chombo kinachosafirishwa, na akamcheka mtaalamu wa nyota Kepler kwa kuamini kwamba mwezi una mkono ndani yake. Nadharia yake ilitoa kujaa mara moja tu kwa siku. Kujaa kwa pili akakusingizia umbo na kina cha bahari. Mjomba angemwambia naye akasome.

Newton akauokota mwezi. Lakini kwanza alitupa kitu kikubwa zaidi, ule ukuta ambao watu waliujenga kati ya mambo ya mbinguni na ya duniani. Chukua bibo linalodondoka kwenye mkorosho: sekunde ya kwanza linashuka mita 4.9. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia mara 60 kuliko bibo lile, na mvuto hupungua kwa mraba wa umbali: 60 mara 60 ni 3,600. Gawa 4.9 kwa 3,600, unapata kama milimita 1.4. Na kweli, kila sekunde mwezi unaiacha njia iliyonyooka na kushuka kuelekea kwetu kiasi hicho hicho. Bibo na mwezi vinaanguka kwa sheria moja. Kila mwaka nikifika hapo ubaoni mwili unanisisimka, na kila mwaka kuna kijana anasinzia dirishani.

Kuhusu maji, jibu la Newton la mwaka 1687 ni hili. Fikiria watu watatu wanakimbia mstari mmoja: wa mbele ana kasi, wa katikati wastani, wa nyuma mzito. Ukiwa wa katikati utaona wenzako wote wawili wanatengana nawe, mmoja mbele, mwingine nyuma. Maji yaliyo upande wa mwezi ndiyo yule wa mbele, dunia ni wa katikati, maji ya upande wa pili yanavutwa kwa nguvu ndogo zaidi na kubaki nyuma. Ndiyo maana yanavimba pande mbili. Kinachofanya kazi ni tofauti ya mvuto, na hapo wengi hukwama, kwa sababu jua linaivuta dunia zaidi ya mara 170 kuliko mwezi, lakini liko mbali mno hivi kwamba tofauti kati ya upande huu na ule ni ndogo. Nguvu yake juu ya maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja tunapata bamvua, yaani maji makubwa, vikikaa pembe mraba tunapata maji mafu, yaani madogo. (Huyu huyu Newton alipoteza miaka mingi akitafuta namna ya kugeuza madini kuwa dhahabu, kwa hiyo tusimfanye malaika.)

Likizo iliyofuata nikamwendea mjomba na jibu langu kifua mbele. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwezi mpevu unakuwa utosini saa sita usiku. Kwa maneno yako maji yajae saa sita. Hapa siku za bamvua yanajaa saa ngapi?"

Kila mtoto wa pwani hii anajua. Yanajaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Saa nne asubuhi mwamba uko wazi na kina mama wanachokoa pweza. Tena bamvua yenyewe kubwa haiji usiku wa mwezi mpevu, inakuja siku moja mbili baadaye.

Nikarudi chuo tena kama niliyefukuzwa. Jibu nikalikuta kwa Mfaransa Laplace, aliyeanza kulishughulikia mwaka 1775. Maji hayakai tu chini ya mwezi yakiusubiri. Yanasafiri kama mawimbi marefu sana, yanakawizwa na kina, yanagonga pwani, yanapindishwa na mzunguko wa dunia, kila ghuba inaitikia kwa namna yake. Nilipomweleza mjomba alicheka: "Huyo wako wa kwanza hajawahi kupwelewa."

Hapo nampinga mjomba, Mungu amrehemu. Newton alizitupa pwani na kina cha bahari, na alifanya vizuri. Angeanza na kila mlango wa bahari na kila mwamba, hata hiyo sababu ya maji kujaa mara mbili asingeiona. Laplace aliweza kuvirudisha kwa kuwa kiini kilikuwa kimeshapatikana. Galileo alitupa mwezi akabaki na bahari, Newton akatupa pwani akabaki na mwezi. Wote walitupa, ila mmoja alitupa kiini.

Mchangiaji aliyesema kila kitu ni hesabu, nakuuliza kuhusu Faraday. Alikuwa kijana wa kujalidi vitabu, hesabu hakuwa nazo, na mwaka 1831 akatoa umeme kwenye sumaku. Alichokiona kwenye unga wa chuma kuizunguka sumaku, ile mistari, alikataa kukiita pambo. Maxwell ndiye aliyekuja kuivalisha hesabu. Na Einstein, mwaka 1905, ana miaka 26, hakuwa wa kwanza kuandika ile milinganyo ya nadharia yake ya uhusianifu, ya jinsi muda na urefu vinavyobadilika kwa mwendo. Mwanafizikia Mholanzi Lorentz alikuwa nayo tayari, ila aliing'ang'ania etha, ule ute usioonekana uliodhaniwa kujaa angani kubeba mwanga. Einstein akasema etha haihitajiki. Ilipofika zamu ya kueleza uvutano, mwaka 1912 alikwenda kwa rafiki yake Marcel Grossmann amsaidie hesabu.

Hili naliona darasani. Wanafunzi wangu wakali wa mitihani hawataki kutupa kitu. Wape swali lenye namba tano, watatafuta pa kuziingiza zote tano. Mwaka mmoja nilitunga swali la lori linalofunga breki, nikataja kuwa limebeba magunia 120 ya korosho, na kasi na umbali wa kusimama vipo vya kutosha kupata jibu. Aliyekuwa anaongoza darasa alizidisha kwa 120. Aliyepata ni binti mmoja wa wastani, na nilipomuuliza kwa nini aliyaacha magunia akasema, "Mwalimu, hayajaulizwa." Sidai kwamba ndiye Newton wetu. Muhula uliofuata alichukua masomo ya biashara.

Bahati ya kuzaliwa Ulaya siikatai. Faraday mwenyewe asingepata tiketi za mihadhara ya mkemia Davy pale London mwaka 1812, angekufa anajalidi.

Na wewe uliyeuliza kama Erasto Mpemba wetu naye ni gwiji. Mwaka 1963 pale shule ya Magamba, kijana wa sekondari, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu ungali moto kwenye friji, ukaganda kabla ya uliopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Yeye hakulitupa alilolishika, akamuuliza tena mwanafizikia Profesa Denis Osborne alipotembelea shule ya Mkwawa, na mwaka 1969 wakalichapisha kwa majina yao wawili. Mpaka leo wanasayansi wanabishana, wengine wanasema jambo lenyewe halipo, ni vipimo tu. Kwangu si wa daraja la Newton, maana hakutuachia sheria, lakini kwenye kutotupa alifaulu mtihani ambao mwalimu wake aliufeli. Kidato cha tatu nimewaambia Ijumaa walete chupa za maji, moto na baridi. Friji la maabara linafanya kazi umeme ukiwepo. Majibu nitayaleta humu.