Mashine ya kudarizi ikikata uzi, iache kwanza skrubu ya tensheni

Ingia kwenye karakana yoyote ya kudarizi, iwe Kariakoo au mtaa mwingine wenye mafundi wa sare na kanzu, kisha tazama mkono wa kijana anayesimamia mashine uzi unapokatika. Mkono huo unakwenda moja kwa moja juu, kwenye vifundo vya tensheni, yaani vinavyoamua uzi ukazwe kiasi gani. Anakaza, anajaribu, unakatika. Analegeza, anajaribu, unakatika tena. Ikifika jioni vifundo vyote vimeshazungushwa na hakuna anayekumbuka asubuhi vilikuwa wapi.

Nafanya kazi hii ya nembo za shule na kanzu kwa mashine za vichwa vingi, kila kichwa kikidarizi nguo yake, na kila anayeanza namwambia jambo lilelile: tensheni haijibadilishi yenyewe usiku. Kama jana mashine ilishona vizuri kwa uzi huohuo na kitambaa hichohicho, basi leo kuna kitu kimechafuka, kimepinda au kimechakaa. Ukikaza skrubu unampa mgonjwa panadol tu. Kipuri kibovu kinabaki pale pale, na kesho kinarudi na kosa lake pamoja na tensheni uliyoiharibu.

"Bosi, mashine inakata uzi."
"Rangi gani?"

Hilo ndilo swali la kwanza, na wengi hawana jibu kwa sababu hawakuangalia. Mashine ya sindano nyingi ina faida ambayo cherehani ya kawaida haina: unaweza kuilinganisha na yenyewe. Sindano zote 12 au 15 za kichwa kimoja, kila moja na rangi yake, zinatumia ndoano moja ya chini (kile kipuri kinachozunguka na kunasa uzi wa juu), kikasha kimoja cha bobini chenye uzi wa chini, na kibati kimoja cha sindano, yaani bati lenye tundu ambalo sindano inapita. Kwa hiyo uzi ukikatika kwenye rangi moja tu, tafuta juu, kwenye njia ya sindano hiyo: sindano yenyewe, koni ya uzi, uchafu kati ya diski za tensheni, au springi ndogo ya kuvuta uzi iliyolegea. Ukikatika kwenye rangi zote, usipoteze muda juu. Shuka chini. Na kama mashine yako ina vichwa 4 au 6, toa kikasha cha bobini kwenye kichwa kinachosumbua ukiweke kwenye kichwa kinachoshona vizuri. Tatizo likihama nacho, nunua kikasha. Likibaki palepale, kikasha hakina kosa.

Sindano ndiyo spea ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo watu wanaionea uchungu kuliko zote. Mashine nyingi za kibiashara zinatumia sindano ya aina ya DBxK5, yenye tundu kubwa kuliko DBx1 ya cherehani za kushonea. Shina ni lilelile, kwa hiyo DBx1 inaingia bila shida na muuza duka asiyejali atakupa hiyo. Uzi wa kudarizi utapita kwenye tundu dogo ukisuguliwa mpaka uchanike. Soma pakiti kabla hujalipa. Kwa uzi wa namba 40 natumia 75/11. Kwenye jinzi au kofia ngumu napanda hadi 80/12, wakati mwingine 90/14. Mfereji mrefu wa sindano uangalie mbele, kibonde kilicho juu ya tundu kiwe nyuma. Pitisha ncha kwenye ukucha: ikikwaruza, itupe, hata kama ni ya juzi.

Kikasha cha bobini kinaonekana kigumu lakini kikianguka mara moja kwenye sakafu ya saruji mdomo wake unaweza kupinda kiasi ambacho jicho halioni. Halafu kuna ile springi bapa ya pembeni: uzi unaopita hapo mwaka mzima unachimba mfereji. Kabla ya kuigusa skrubu yake, pitisha kona ya karatasi ngumu chini ya springi utoe vumbi, maana nyuzi kidogo tu zilizoshikwa hapo zinaweza kulegeza mshono wote. Kisha ninginiza kikasha kwa uzi wake: kisishuke chenyewe, ila ukitikisa mkono kishuke kidogo na kusimama. Mwenye kipimo cha Towa, kinachopima mkazo wa uzi wa bobini, aangalie kama kinasoma kati ya gramu 18 na 25. Baada ya hapo shona nguzo pana ya satini, yaani mstari mnene wa mishono inayokwenda upande hadi upande, na ugeuze kitambaa. Uzi mweupe wa bobini ukikaa katikati, karibu theluthi moja ya upana, tensheni yako ni nzima.

Kibati cha sindano hakikumbukwi kabisa. Sindano ikipiga mshono mnene wa kofia inapinda na kugonga ukingo wa tundu, na alama inayobaki pale inakuwa kisu. Chukua soksi nyembamba ya nailoni ya kina mama, ipitishe taratibu juu ya tundu na chini yake. Ikinasa, umepata jibu. Mkwaruzo mdogo unasafishwa kwa msasa laini kabisa. Tundu likishakuwa na umbo la yai, badilisha kibati.

Soksi hiyohiyo ipitishe kwenye ncha ya ndoano, mashine ikiwa imezimwa. Ndoano ndicho kipuri kinachoamua kama mashine itadarizi au itatafuna kitambaa, nami huko sibanii pesa. Springi, visu na miguu ya kubania vya kuiga huwa vinavumilika, lakini ndoano na kikasha nanunua vya watengenezaji wanaojulikana kwa kazi hiyo, kama Hirose na Koban kwa ndoano, au Towa kwa kikasha. Ndoano ya kuiga ikiwa na chuma laini, ncha yake inaisha haraka na wewe unarudi kwenye kukaza skrubu.

Ukiibadilisha ndoano, weka kwanza sindano mpya, maana kupima taimingi, yaani wakati ndoano inapokutana na sindano, kwa sindano iliyopinda ni kujidanganya. Zungusha shafti kuu kwa mkono mpaka digrii iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako. Mashine nyingi za Tajima ni 201, lakini usiibebe namba hiyo kwenda nayo kwenye mashine ya kampuni nyingine. Hapo ncha ya ndoano iwe nyuma ya sindano, katikati yake, na nafasi kati yao iwe ndogo sana, milimita 0.1 hadi 0.3. Kaza skrubu zake kidogo kidogo kwa zamu, kisha pima upya, kwa kuwa kukaza kunaisogeza. Pima sindano ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, maana kichwa kikiwa kimekaa upande, sindano namba 1 itakuwa sawa na namba 15 itakuwa inagusana na ndoano. Na kile kidole kinachozuia kikapu cha ndani ya ndoano, kinapokaa kikasha, kisizunguke, kiachie nafasi ili uzi upite bila kubanwa.

Visu vya kukatia uzi sina mengi. Mikia mirefu ikianza kubaki nyuma ya nembo, fungua kibati usafishe kwanza, maana vumbi la nyuzi linajibana hapo na kisu hakifiki mwisho. Kikiwa safi na bado hakikati, badilisha cha kusogea na cha kusimama kwa pamoja.

Mafuta: tone moja kwenye njia ya ndoano kila baada ya saa 4 hadi 8 za kazi, mafuta meupe ya cherehani, si oili ya gari. Tone moja. Mafuta yakizidi yanatokea kwenye kola ya kanzu nyeupe, na hapo unalipa kanzu. Kwa sisi wa pwani, mashine iliyokaa bila kazi inahitaji tone hilo pia, kwa sababu hewa ya chumvi inaleta kutu kwenye ndoano ndani ya muda mfupi. Vumbi litoe kwa brashi. Kompresa inapuliza nyuzi ndani zaidi, kwenye sensa na bodi, na bodi ndiyo bili ambayo hutaki kuiona. Stabilaiza nzuri ya umeme na ethi ya kweli, yaani waya unaoingia ardhini, ni sehemu ya mashine, usizihesabu kama mapambo.

Matengenezo makubwa yafanye Oktoba. Desemba na Januari kila shule inataka nembo kwa wakati mmoja, mafundi hawapatikani, na spea uliyoiona dukani wiki iliyopita haipo tena. Kwenye droo yangu kuna sindano za saizi tatu tofauti, vikasha viwili vya akiba, seti ya visu, kibati kimoja na springi za kuvuta uzi. Ndoano ya akiba ninayo moja kwa vichwa vyote.

Shafti kuu ikigonga, au kichwa kikipoteza mahali pake katikati ya nembo wakati umeme uko sawa, usifungue. Mwite fundi wa mashine hizo, na umwekee kile kipande cha kitambaa kilichoharibika pamoja na sindano iliyokuwa ndani. Vijana hupenda kuvitupa kabla hajafika.