Kutoka stashahada kwenda digrii ya uhandisi: maswali yenu

Shikamoo mwalimu. Namaliza stashahada ya ujenzi Arusha, GPA yangu ni 3.1. Wenzangu wanasema 3.0 inatosha kuingia digrii ya uhandisi. Ni kweli?

Marahaba. Ni kweli nusu. 3.0 ndicho kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa mwenye stashahada, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne kuanzia D. Chuo kinaruhusiwa kupandisha, na uhandisi ni miongoni mwa kozi ambazo vyuo hupenda kupandisha. Chukua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu, ule wa wenye sifa linganishi, yaani ninyi wa stashahada. Kila msimu wapo wanaosoma wa kidato cha sita kisha wakashangaa. Soma mstari wa kozi yako hadi mwisho, maana hutaja pia ni stashahada zipi zinakubalika. Kwa 3.1 usiitegemee Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) peke yake. Tangu 2017 maombi yanakwenda moja kwa moja chuoni, hivyo omba vyuo kadhaa, mradi ada za maombi uzimudu.

AVN ni kitu gani?

Namba ya uhakiki wa stashahada yako. Unaiomba NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kwa mtandao, na bila hiyo ombi lako haliendi popote. Chuo chako kisipowasilisha matokeo huipati, kwa hiyo anza kuisumbua ofisi ya mitihani mapema, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.

Nimesota miaka mitatu kwenye stashahada ya umeme. Kwa nini nianzishwe tena mwaka wa kwanza na watoto wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) waliotoka kidato cha sita?

Hasira yako naielewa. Miaka mitatu ukijumlisha na minne ya digrii ni saba, na nyumbani wanauliza utaanza kazi lini. Lakini tazama ulichosoma. Stashahada imekufundisha kufunga mota, kusoma mchoro, kutafuta hitilafu. Hesabu zake zilipimwa kwa kazi ya fundi sanifu. Digrii inaanza na kalkulasi, matriki na milinganyo tofautishi, na mhadhiri hamsubiri mtu. Hao unaowaita watoto wametoka kuzisoma miaka miwili mfululizo. Mita ya umeme huenda hawajaishika, ila derivativu wanaifanya huku wakipiga soga. Hapo ndipo wenye stashahada wengi wanapoanza kukusanya sapu, yaani mitihani ya marudio, na wengine kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, wakati karakana wanaongoza.

Ushauri wangu: miezi ya kusubiri majibu tafuta vitabu vya hisabati ya juu ya kidato cha tano na sita, ufanye maswali kila siku. Kisha chuoni kaa kundi moja na hao wa PCM. Wao watakuhitaji siku ya maabara, wewe utawahitaji usiku wa kuamkia mtihani.

Mwanangu yuko mwaka wa kwanza wa shahada ya ualimu, sasa anataka kuhamia uhandisi chuo kingine. Inawezekana, mwalimu?

Inawezekana, mama, kama alikuwa na sifa za kozi hiyo alipodahiliwa na kama nafasi ipo. Dirisha la uhamisho ni fupi na huwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Asiache kuingia darasani kabla hajapata kibali, na kama ana mkopo aufuatilie na Bodi ya Mikopo mwenyewe, la sivyo bumu, yaani pesa ya kujikimu, litachelewa.

Nina miaka 31, ni fundi sanifu kazini. Nikimaliza digrii nitaitwa mhandisi siku hiyo hiyo?

Hapana, kaka. Utasajiliwa kwanza ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kama mhandisi mhitimu, kisha ufanye kazi chini ya usimamizi wa mhandisi aliyesajiliwa, kwa kawaida miaka mitatu, ndipo uombe usajili wa mhandisi mtaalamu. Kabla ya kuandika barua ya ruhusa ya masomo, muulize mwajiri kama muundo wa utumishi unatambua digrii unayoifuata. Wapo waliorudi na cheti wakakuta kitengo chao hakina nafasi ya mhandisi.