Mwamuzi Anajibu: Skrini, Filimbi na Sekunde za Mwisho

Maswali ya wasomaji hujibiwa na mwamuzi mstaafu wa mpira wa kikapu, ambaye sasa anafundisha waamuzi vijana jijini Dar es Salaam.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni senta wa timu ya mtaa. Jumamosi niliweka skrini, yaani nilimzibia mlinzi njia kwa mwili wangu ili mwenzangu apate nafasi; nikasimama kabisa, mikono kifuani. Mlinzi wao akageuka, akanivaa, akaanguka. Refa akanipigia mimi filimbi. Aliyegonga ni yeye, aliyesimama ni mimi. Kosa langu liko wapi? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Marahaba mwanangu. Umesema mlinzi “akageuka”, na nadhani kosa limejificha hapo. Kama aligeuka ndipo akakuvaa, basi ulikuwa mgongoni kwake, na ukiwa mgongoni kwa mtu, kusimama peke yake hakukuokoi. Kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, ambazo ndizo tunazochezea, zinaanza na swali hili: anayewekewa skrini anakuona au hakuoni? Kama amesimama na wewe uko mbele yake au ubavuni, sogea karibu utakavyo, mradi usimguse. Ukiwa nyuma yake asikokuona, lazima umwachie nafasi ya hatua moja ya kawaida. Ukijibanza kisogoni mwake, hata usimame kama mlingoti, faulo ni yako.

Mlinzi anayekimbia ana haki nyingine. Yeye unamwachia nafasi ya kusimama au kubadili njia: si chini ya hatua moja, wala si zaidi ya mbili, kutegemea kasi yake. Ukishampa nafasi hiyo, ukatulia, naye akaja kukuvaa, anayewajibika ni yeye, hata kama ni wewe uliyelala sakafuni.

Halafu tazama mwili wako. Wakati wa kugongana miguu yote miwili iwe chini, na wewe uwe ndani ya eneo lako: mbele linaishia kwenye viganja, nyuma kwenye makalio, pembeni kwenye mikono na miguu. Mikono kifuani ni sawa, ila ukiisukuma kwenda kumpokea mlinzi umetoka kwenye eneo lako. Masenta wengi wanajua kusimama. Shida inaanza mlinzi anapoanza kuponyoka: nyonga inamfuata, au goti linachomoza. Ndiyo maana nilipokuwa nachezesha, macho yangu yalikuwa kwenye miguu ya anayekwenda kuweka skrini tangu anapoondoka alipokuwa. Refa anayesubiri kusikia vifua vikigongana amechelewa. Ataona mtu ameanguka na atakisia. Kishindo hakitoi faulo. Mlinzi anaweza kupigwa butwaa na skrini iliyo halali kabisa, na skrini haramu inaweza kugusa bega tu.

SWALI: Mwalimu, nusu fainali ya wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2024, Iowa na UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), iliamuliwa na refa kwa faulo ya skrini sekunde za mwisho. Si afadhali angewaachia wachezaji wenyewe? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Kwa ambao hawakuiona: ilichezwa Cleveland, tarehe 5 Aprili 2024. Iowa walikuwa mbele 70 kwa 69, UConn wana mpira na wanataka umfikie Paige Bueckers. Aaliyah Edwards wa UConn akaenda kumwekea skrini Gabbie Marshall wa Iowa, aliyekuwa akimlinda Bueckers. Wakagusana, filimbi ikalia zikiwa zimebaki sekunde 3.9. Mpira ukahamia Iowa, wakashinda 71 kwa 69.

Nimeitazama video ile mara nyingi na wanafunzi wangu. Kwa macho yangu Edwards hakuwa ametulia. Mwili wake ulikuwa bado unakwenda upande aliokuwa anapita Marshall. Hilo linajibu kama skrini ilikuwa halali. Lakini kanuni pia zinatukataza kukata mchezo kwa kila mguso usiomfaidisha wala kumuumiza mtu, kwa hiyo lazima tuulize: mguso ule ulichukua nini? Ulichukua njia ya Marshall ya kumfikia mpiga shuti hatari kuliko wote uwanjani, wakati kikapu kimoja kinatosha kubadili mshindi. Mimi ningepiga filimbi. Kunyamaza pale kungekuwa kumpa zawadi aliyevunja kanuni.

Lalamiko lenye uzito ni lingine. Kocha wa UConn, Geno Auriemma, alisema baada ya mechi kwamba skrini haramu unaweza kuipata karibu kila shambulizi. Ni kweli, na nawaambia waamuzi wangu walichukulie kwa uzito. Nyonga ile ile ukiipuuza robo ya kwanza, ya pili na ya tatu, ukija kuiona robo ya nne hakuna atakayekuamini, hata ukiwa sahihi.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Kwenye ligi yetu kuna refa anayezungumza sana na senta wa timu pinzani. Huo si upendeleo? (Kocha, Mwanza)

JIBU: Nzuri, kocha. Inategemea anamwambia nini. Akisema mapema, mpira ukiwa umekufa, yaani mchezo umesimama, “Namba kumi na mbili, ukiweka skrini tulia kabla mlinzi hajafika,” anakufanyia kazi na wewe pia, maana anazuia faulo ya baadaye. Senta wako naye aambiwe hivyo hivyo. Nisichokubali ni onyo linalochukua nafasi ya filimbi. Kama mlinzi wako tayari amenyimwa njia, hiyo ni faulo, na mazungumzo yafuate baadaye.

Waamuzi vijana huogopa kuipiga mapema, kana kwamba wataharibu mechi. Lakini faulo ya timu yenye mpira haina mitupo huru hata faulo za timu zikishapita nne katika robo. Mpira unahamia upande wa pili tu, na mchezaji anaandikiwa moja kati ya zake tano. Robo ya kwanza hiyo ni adhabu nyepesi, na wote kumi uwanjani wanajua refa anaona nini.

Mechi ijayo usipige kelele ukiwa benchi. Mtume nahodha, saa ikiwa imesimama, aulize kwa adabu: “Refa, skrini za namba kumi na mbili unazionaje?” Kanuni zinamruhusu.