Makundi ya Haiba katika Mafunzo ya Mauzo: Yananisaidia Wapi, Yalinipotosha Wapi

Mara ya kwanza kujaza dodoso la haiba nilikuwa muuzaji wa mashine za ofisini mwenye mwaka mmoja tu kazini. Tuligawiwa herufi nne za mfumo wa DISC, unaogawa watu katika makundi manne ya tabia, kila herufi na rangi yake, kisha mkufunzi akatufundisha kumtambua mteja ndani ya dakika mbili: anayezungumza haraka na kukatiza wenzake ni mwekundu, huyo mpe bei na matokeo, usimchoshe kwa maelezo. Nilitoka pale nikijiona fundi.

Wiki chache baadaye nikakutana na mteja aliyetazama saa yake na kuniambia, "Haya, nieleze." Nikamhesabu mwekundu papo hapo, nikafunga kabrasha lenye maelezo ya udhamini na vipuri, nikataja bei na faida tatu. Akauliza mashine ikiharibika nani huja kuitengeneza, na baada ya muda gani. Nikajibu kwa sentensi moja na kurudi kwenye bei. Akauliza tena kwa maneno mengine, nami nikarudi kwenye bei tena. Jibu lake lilikuwa ndani ya kabrasha nililolifunga kwa mkono wangu. Alinunua kwingine, na nilipomuuliza sababu alinieleza kwamba mashine yake ya awali ilikaa mwezi mzima bila kutengenezwa. Ile haraka niliyoiita haiba ilitokana na kikao kilichokuwa kikimsubiri.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu. DISC inatokana na mawazo aliyoyachapisha mwanasaikolojia William Moulton Marston mwaka 1928, na madodoso yake yalitungwa na wengine baadaye. Mfumo mwingine maarufu, MBTI, unaogawa watu katika aina 16 na kumpa kila mtu herufi nne, ulitungwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers kutokana na nadharia ya mwanasaikolojia Carl Jung ya mwaka 1921. Tatizo la huo wa pili ni kwamba humweka mtu upande mmoja au mwingine, ilhali wengi wetu tuko katikati, hivyo majibu mawili matatu yakibadilika, herufi nayo hubadilika. Tena, kuona kwamba maelezo "yanafanana nawe kabisa" si ushahidi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo yaleyale ya haiba, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, nao kwa wastani wakayapa alama zaidi ya 4 kati ya 5.

Hata ile imani kwamba muuzaji bora lazima awe mchangamfu kupindukia ina mashaka. Utafiti wa mwanasaikolojia Adam Grant wa mwaka 2013, uliohusu wauzaji 340 wanaouza kwa kupiga simu, ulionyesha kwamba walioingiza mapato makubwa zaidi walikuwa wa katikati, si wasemaji wakubwa wala wakimya.

Hata hivyo, sijayatupa makundi haya. Sasa mimi ni mkufunzi, na huyatumia katika saa ya kwanza ya mafunzo, kwa ajili ya muuzaji kujitazama mwenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa hawezi kuvumilia ukimya: akishataja bei hangoji hata pumzi mbili, anaanza kupunguza kabla mteja hajalalamika. Kumwambia hivyo mbele ya wenzake kungemuumiza. Kulizungumza kama tabia ya kundi lake kulimwezesha kucheka na kukubali. Kilichomrekebisha, lakini, ni kusikiliza rekodi za simu zake kwa majuma matatu huku akihesabu sekunde.

Kwa hiyo, ukiandaa mafunzo, usiruhusu dodoso liamue nani aajiriwe, wala usimfundishe muuzaji kukisia rangi ya mtu asiyemjua. Katika kumbukumbu zetu za wateja palikuwa na safu ya "aina ya haiba", na kosa la muuzaji mmoja lilirithiwa na kila aliyemfuata. Niliiondoa. Mahali pake tunaandika swali la kwanza alilouliza mteja, kwa maneno yake mwenyewe.