Maji ya ng'ombe malishoni kwa pampu ya sola: betri au tangi?

Ndugu mfugaji, umeuliza kama ng'ombe wako 40, wanaotegemea kisima chenye maji mita 30 chini, wanahitaji pampu ya sola yenye betri. Kwa maoni yangu, fedha ya betri iweke kwenye tangi, kwa sababu maji yaliyopandishwa mchana hukaa humo yakisubiri mifugo, ilhali betri hudhoofika mwaka hadi mwaka na hatimaye hudai kubadilishwa.

Kabla ya kuchagua pampu, piga hesabu ya siku ya joto kali. Ng'ombe mkubwa anaweza kunywa lita 60, na anayekamuliwa huzidi hapo, hivyo kundi lako litahitaji angalau lita 2,400 kwa siku, na tangi la lita 7,500 litakuvusha siku tatu za mawingu. Mpe muuzaji kiasi hicho pamoja na kimo chote cha kupandisha maji, yaani kuanzia usawa wa maji wakati pampu inavuta, wala si wakati kisima kimetulia, hadi mdomo wa tangi, ukiongeza msuguano wa bomba, yaani nguvu inayopotea maji yakipita bombani. Kipimo hiki kikikosewa, hata pampu nzuri itakuangusha.

Pampu iwe na kihisi cha kuizima maji yakipungua kisimani. Koki ya boya, ile inayofunga maji birika la kunyweshea likijaa, ifunikwe kwa chuma, maana ng'ombe huisukuma kwa pua mpaka ivunjike, na tangi zima likamwagika usiku mmoja. Paneli nazo zizungushie uzio, kwani ng'ombe hujikuna kwenye nguzo zake.